Shauri la Mtu Aliyezikwa Nyakatuntu

Nyinyi wanangu mtakaokaa nyuma ya lile pazia baada yangu, haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwandiko wangu mnaujua, mtavumilia. Herufi nilifundishwa na katekista nikiwa tayari mjane, na ziko ambazo hadi leo zinanipa mgongo. Lakini majina hayanipotei. Mwanamke yeyote aliyewahi kukaa mbele yangu kwenye mkeka, nitawaambia jina lake, la mumewe, na la kilima chao. Cheo changu na ujira wangu sitaviandika. Cheo hakikuwa na jina, na ujira ulikuwa unaona haya wenyewe.

Kwa yule atakayesoma bila kutujua, kazi yetu ni hii. Kwenye baraza la rufaa la Mkama, mfalme wetu, huletwa mashauri yaliyoshindikana vijijini, ya Karagwe yote hadi kule Kyerwa upande wa mto. Hapo ndipo mwisho. Mwanamke mwenye shauri hawezi kusimama mbele ya wanaume, na baba mkwe wake yuko palepale, akasema habari za mwili wake au za nyumba yake. Basi hukaa ndani, nyuma ya pazia la nguo ya gome la mti, na mwanamke wa baraza humsikiliza. Kisha mwanamke wa baraza hutoka nje na kuyasema yale yale, kama yalivyo. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Niliianza miaka michache baada ya vita vya Wajerumani na Waingereza, nikaiacha juzi, magoti yalipokataa kuinuka mkekani.

Aliyenifundisha ni Ma Nyamwiza wa Kiruruma. Alikuwa hana meno hata moja, lakini kahawa za kutafuna hakuziacha. Alikuwa anazizungusha mdomoni asubuhi mpaka jioni kama mtu anayehesabu kitu. Siku yangu ya kwanza alinipa mwanamke wa Kanoni, Bibiana mke wa Lwamugira, aliyepigwa na shemeji yake kwa ajili ya mbuzi. Nikamsikiliza, nikatoka, nikasema mbele ya wazee: "Bibiana, maskini, alipigwa mgongoni mara nne."

Niliporudi ndani Ma Nyamwiza aliacha kutafuna.

"Hilo la maskini, kalisema yeye?"

"Hapana, Ma."

"Basi ni lako. Nenda ukalichukue."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akitania. Ilinibidi nirudi nje, nikasimama mbele ya wanaume kama ishirini, nikasema: "Wazee, neno maskini lilikuwa la kwangu." Walicheka mpaka tarishi akashika mti. Tangu siku hiyo sikuongeza neno la mtu, na kwa muda mrefu sikupunguza pia.

Chombo cha kazi kilikuwa ukambaa wa mgomba. Kila jambo mwanamke alilosema nilipiga fundo moja. Nje, kila jambo nililolisema nililifungua fundo lake, wazee wote wakiona. Ukimaliza, ukambaa unakuwa umenyooka, unauweka chini mbele ya mwamuzi. Leo mnaandika kwenye daftari na ni vizuri, ila daftari halitetemeki mkono wako unapotetemeka. Ukambaa ulikuwa unasema.

Mwamuzi wetu alikuwa Ta Kaijage wa Kanoni. Watu wanaomsikia tu habari zake hudhani alikuwa na sauti ya radi. Alikuwa na sauti ndogo, ya mtu anayeongea na mtoto aliyelala. Alianza kazi ya baraza kwa kubeba kigoda cha mwamuzi aliyemtangulia. Alikibeba miaka mingi, na alikuwa akisema elimu yake yote aliipatia mgongoni mwa yule mzee. Hakuwahi kutoa hukumu akiwa ameketi pale pale aliposikilizia ushahidi. Aliinuka, akazunguka uwanja, akarudi, akasema akiwa amesimama. Karani wetu Petro, kijana wa Muleba mwenye suruali iliyonyooshwa kila siku, aliwahi kumuuliza kwa nini anajichosha. Akamwambia, "Petro, hapa ndipo mwisho. Tukikosea, juu yetu yuko Mungu tu, na yeye ana mashauri mengi."

Sasa niwaambie la Nyakatuntu. Mmenisikia mara nyingi nikianza kulisema na kuliacha.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini. Asubuhi moja alikuja mtu barazani, mrefu, amekonda, amevaa koti la kijeshi lisilo na vifungo. Akasimama pale wanaposimama walalamikaji. Akasema, "Shikamooni wazee." Hakuna aliyeitikia. Nilidhani hawakusikia. Akarudia. Wazee wakatazama chini, mmoja akajifanya anatafuta kahawa kwenye kipochi chake. Palikuwa kimya kiasi cha kusikia mbuzi wakitafuna nyuma ya ua.

Ma Nyamwiza alinishika mkono. "Usimwitikie," akanong'ona. "Huyo kazikwa."

Jina lake Kamuhabwa. Alichukuliwa na vita kubeba mizigo, na hakurudi. Mkewe Kemilembe alimngoja miaka mitano. Kisha ukoo ukasema basi. Kwetu mtu akipotea ugenini hata ikaaminika amekufa, haachwi hivihivi. Wanaume hukata gogo la mgomba la kimo chake. Wanawake hulivika nguo ya gome kama maiti. Linaliliwa, linazikwa kibanjani kwake, pale penye nyumba na migomba yake. Kuanzia hapo amekufa: mali hugawanywa, mjane hurithiwa. Sharti ni moja. Gogo lazima likatwe juu ya tunguu, lile bonge la ardhini lenye macho ya kuchipukia. Gogo lisilo na tunguu huoza, na linatakiwa lioze.

Kwa hiyo Kamuhabwa alizikwa. Kibanja na Kemilembe wakarithiwa na mdogo wake, Karumuna. Wakazaa watoto wawili. Halafu Kamuhabwa akatokea njiani na koti lake. Huko Nyakatuntu hakuna aliyemwitikia, kwa kuwa aliyezikwa ukimwitikia umekubali kumfuata. Mkuu wa kijiji alimfukuza kwa kumwambia, akiwa ametazama upande mwingine, kwamba yeye hasikilizi mashauri ya marehemu. Ndipo akaja kwetu.

Petro alishika kalamu akaduwaa. "Ta, nimwandike mlalamikaji, au nimwandike marehemu?"

"Mwandike aliyesimama," akasema Ta Kaijage. Hata yeye hakumwitikia. Alisema tu, akiiambia hewa, kwamba shauri la kibanja husikilizwa kwenye kibanja, na kwamba baraza litakwenda.

Tulitembea siku mbili. Kamuhabwa alitufuata nyuma, kama hatua hamsini hivi. Tukisimama, anasimama. Ma Nyamwiza hakwenda, alikuwa na homa. Nilikuwa mwanamke peke yangu, na kila nilipogeuka kumtazama nilimkuta ananitazama, si kwa ubaya, kwa namna ya mtu anayetaka kuuliza njia.

Kibanja kile ni kizuri. Migomba imesongamana hata jua linafika chini kwa madoa madoa. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, na juu ya kaburi, katikati kabisa, umesimama mgomba. Peke yake. Mingine yote ilikuwa imeachana nao, kama watu wanavyomwachia nafasi mtu mwenye harufu. Hapakuwa na upepo siku ile, mniamini, na jani lake moja lilikuwa linatikisika.

Baraza likaketi uani. Ta Kaijage alisema sheria kabla ya kumsikiliza mtu, ili kila mmoja ajue amesimama wapi.

"Kama kilichozikwa kimeoza, Kamuhabwa amekufa. Tutampa jina jingine na kibanja kwingine kama mgeni, hapa hana kitu. Kama kilichozikwa ki hai, basi hakuna aliyezikwa, na kibanja ni chake. Kuhusu watoto wawili: kama maziko yalikosewa bila mtu kujua, walizaliwa kwa haki, ni wa Karumuna, wanakaa na mama yao. Lakini kama yuko aliyejua kwamba maziko ni ya uongo, watoto wamezaliwa ndani ya ndoa ya mtu. Ni wa Kamuhabwa. Na mama, kama alijua, atarudi kwao mikono mitupu."

Karumuna alikuwa mtu mnene, mwenye maneno mengi na jasho. "Wazee wangu, mgomba ule niliupanda mimi baadaye, ili pasiwe jangwa. Ndugu yangu alizikwa vizuri, ng'ombe tulichinja, lubisi ilinywewa siku nne. Na wewe karani, andika siku nne."

"Na ndizi za mgomba ule mnazifanya nini?" aliuliza Ta Kaijage.

"Za pombe hizo, Ta. Nimekata mikungu mitatu mpaka sasa. Lubisi yake ni tamu, ila kichwa kinauma."

Kamuhabwa akaulizwa, kwa kuitazama miti, mbona alichelewa kurudi. Akasema hivi, nami namnukuu kama ninavyowanukuu wanawake wangu:

"Nilianza safari ya kurudi mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa msimu wa senene, mwaka ule wa mvua ya mawe. Nilianguka njiani, nikalala miezi miwili kwa watu. Mara ya pili kahawa ilikuwa inachanua, nilianguka tena. Mara ya tatu ulikuwa mwezi wa kupanda maharage. Kila mara ni hapa." Akagusa kifua. "Kama mtu kanikata hapa. Mara ya nne nilitembea, sikuanguka. Ndiyo nimefika."

Kisha nikaingia ndani kumsikiliza Kemilembe.

Alikuwa ameketi jikoni nyuma ya pazia letu, mtoto mdogo amelala mapajani, yule mkubwa, msichana wa miaka kama mitano, amemshika bega. Alikuwa mwanamke mtulivu mwenye paji la uso pana. Nikapiga fundo la kwanza, la pili, la tatu: alivyongoja, alivyolia, alivyorithiwa. Mafundo sita. Nilipotaka kuinuka akasema, "Kaa, Ma Adela. Liko la saba."

Nikakaa.

"Gogo walikata wao wanaume, walilikata vizuri. Lakini kulivika nguo nililivika mimi. Nilipofika kifuani nilitia kipande cha tunguu chenye jicho. Nikafunga."

Nikashusha ukambaa mapajani.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Walisema niagane naye. Sikuweza kuagana naye." Akamfunika mtoto mguu. "Ulipochipuka nikajua yuko hai. Nikanyamaza. Nilikuwa nimekwisha kurithiwa, na huyu wa kwanza yuko tumboni. Karumuna alipokata mkungu wa kwanza ulikuwa msimu wa senene, mwaka wa mvua ya mawe."

"Wa pili?"

"Kahawa ilikuwa inachanua."

Sikuuliza wa tatu. Aliniambia mwenyewe: maharage.

"Wa nne uliiva," akasema. "Nilikaa chini yake na panga nikamwambia Karumuna akiukata nitajikata mimi. Ukaozea juu. Ndio mwaka huu aliorudi." Aliinama karibu nami, nikasikia pumzi yake. "Ma Adela, mkungu tu ukikatwa anaanguka. Wakichimba je? Lakini nikisema nilitia jicho, hawatakuwa na haja ya kuchimba, na hawa wawili nitawaacha. Mimi siwezi kuchagua. Nimekwambia. Fanya unavyoona kwa hilo ulilolisikia."

Nilipiga fundo la saba.

Nje nikasimama, nikayasema. Fundo la kwanza, la pili, la tatu. Karumuna alikuwa anajifuta jasho. Kamuhabwa amesimama mbali, chini ya mbuni mmoja wa kahawa, hakuna kivuli cha mtu karibu yake. La nne, la tano, la sita. Mlangoni yule msichana alikuwa ametoa kichwa, anatazama watu wa baraza kama anavyotazama mtoto ng'ombe wageni. Nikafunika ukambaa kwa kiganja.

Ta Kaijage aliutazama mkono wangu. Aliutazama kwa muda ambao mtu anaweza kusali sala fupi.

"Umemaliza, Ma Adela?"

"Nimemaliza, Ta."

Hakuniambia niuweke ukambaa chini. Aliinuka, akazunguka uwanja, akapita nyuma ya nyumba pale kaburini, akarudi. "Kesho asubuhi tutachimba," akasema. "Mgomba ukiwa umepandwa juu, tutaona. Ukiwa umetoka ndani, tutaona."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa nilivunja kazi niliyofundishwa. Jua lilikuwa bado lipo. Niliona wazee wameshughulika na chakula. Nikachukua kahawa zangu za kutafuna, nikaenda mpaka chini ya mbuni.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

Alinitazama, mdomo ukacheza. Alichelewa kuitika, nadhani kwa kuwa alikuwa amesahau jinsi inavyofanywa.

"Marahaba."

Nikampa kahawa mbili. Nikamwambia lote: jicho, kifua, mikungu mitatu, na watoto. Nikamwambia, "Neno hili nimelificha barazani. Ni lako. Ukitaka, nitalisema kesho kabla jembe halijagusa udongo. Wewe utakuwa mzima na kila kitu hapa kitakuwa chako, na watoto."

Alitafuna polepole. Mkono wake ulikuwa kifuani, haukutoka.

"Wanaitwaje?"

"Nani?"

"Watoto."

"Msichana ni Kokushubira. Mdogo ni Rwiza."

"Kokushubira," akasema. "Rwiza." Akayasema tena, kama mtu anayeonja mchuzi. "Huyo Kokushubira alikuja hapa asubuhi. Mama yake hakumwona. Alinipa kiazi, akakimbia." Akacheka kidogo, na kicheko chake kilinitisha kuliko yote, kilikuwa kicheko cha mtu wa kawaida kabisa. "Wachimbe."

"Kaka, umeelewa nilichokwambia?"

"Mimi nimekwisha kuzikwa mara moja, Ma. Nilichofuata huku ni kuitikiwa. Wachimbe."

Asubuhi tarishi wetu Bonifasi alipewa jembe. Akalirudisha. Alisema hajaungama tangu Pasaka na angeomba apewe ruhusa aende misheni kwanza. Misheni ilikuwa mwendo wa siku nzima. Karumuna alipopewa alisema mkono unamuuma. Ta Kaijage akavua kanzu yake, akaikunja, akampa Petro, akachukua jembe mwenyewe.

Alichimba kwa pembeni, kama mkulima, kwa adabu. Jembe la nne au la tano lilitoa mlio usio wa udongo. Mlio mzito, wenye maji. Niligeuka kumtazama Kamuhabwa. Aliketi chini. Hakuanguka, aliketi, kama mtu aliyekaribishwa.

Walipofukua wakaona nguo ya gome bado ipo. Ndani yake mizizi ilikuwa imejaa. Imejaa mabegani, imeshuka mikononi, imejaa mpaka miguuni, nguo imetuna yote, kimo cha mtu, amelala chali. Tunguu lilikuwa kifuani, jeupe, na pale lilipokatwa na jembe lilikuwa linatoka maji. Wanawake walipiga kelele. Petro aliangusha kanzu ya mwamuzi kwenye udongo, na hakuna aliyemwambia aiokote.

Ta Kaijage alitoka shimoni. Akazunguka uwanja, safari hii taratibu sana. Akarudi akasimama.

"Hakuna aliyezikwa hapa," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Gogo lilikatwa vibaya, na hakuna aliyeletwa mbele yangu aliyejua. Kibanja ni cha Kamuhabwa. Watoto ni wa Karumuna, na watakaa na mama yao." Kisha akamgeukia, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza. "Kamuhabwa, hujambo?"

"Sijambo, Ta."

Watu wote wakapanga mstari. Wazee wa baraza, jirani, watoto waliobebwa. Kila mmoja alimwamkia, naye aliitikia kila mmoja kwa jina lake, na aliyemsahau alimwuliza. Tulikaa pale mpaka jua la utosi. Kemilembe alikuja wa mwisho. Walisalimiana kama watu wanaokutana kisimani, yeye akainama kidogo, na mimi peke yangu niliona alivyotazama kile kifua. Kamuhabwa alisema kwenye nyumba yenye watoto hatalala; akaomba kibanda cha kukaushia kahawa. Karumuna aliachiwa alime upande wa bonde. Alilia, na nadhani alilia kwa kweli.

Mgomba uliong'olewa ulilazwa uani. Siku ya tisa majani yake yalikuwa yamekauka yote, na siku hiyo Kamuhabwa alikutwa ameketi juani nje ya kibanda, amekufa. Mganga wa misheni alisema ni mapafu, aliyapata vitani. Naandika nilivyoambiwa. Walimzika kwenye shimo lile lile, kwa kuwa lilikuwa lingali wazi.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi. Nilisikiliza wanawake wengi, na ninyi baadhi yenu niliwasikiliza mama zenu. Sikuficha fundo tena. Ma Nyamwiza alifariki bila mimi kumwambia. Nilijua angenirudisha Nyakatuntu kwa miguu nikalichukue neno langu. Na Ta Kaijage hakuwahi kuniuliza. Ila tangu safari ile, kila shauri la mwanamke lililohusu maziko, yeye alimwachia mwamuzi msaidizi. Watu walidhani ni uzee.

Aliacha kazi miaka kadhaa kabla yangu, macho yalipomwisha. Siku moja aliniita kwake Kanoni. Nilimkuta kwenye kiti uani, blanketi magotini, anageuza uso kufuata sauti ya miguu yangu.

"Ma Adela, ulikuwa na fundo mkononi."

Sikujifanya sielewi. "Nilikuwa nalo, Ta. Uliliona."

"Nililiona. Na mimi nina migomba. Gogo halioti jicho kwa kukatwa vibaya, jicho hutiwa. Nilipozunguka nyumba nilikuwa nimekwisha kujua ni mkono wa nani." Alivuta blanketi. "Ningekuuliza, ungesema."

"Ningesema, Ta."

"Ndiyo maana sikukuuliza. Nilijiambia, nichimbe, watoto wapone. Ni mgomba tu. Mtu mzima hafi kwa mgomba." Aligeuza viganja vyake juu. "Nilishika jembe mwenyewe, Ma. Lile pigo la nne, nalisikia hata nikiwa kanisani. Nimeamua mashauri ya watu miaka yote hiyo, na nilimwua mtu ambaye hakujua kwamba anahukumiwa."

"Alijua," nikasema.

Uso wake ulisimama.

"Nilikwenda kwake jioni ile. Nilimpa kahawa, nikamwambia lote. Nilimwambia akitaka nitasema. Akauliza watoto wanaitwaje. Nikamwambia. Akayasema majina yao mara mbili, akasema, wachimbe."

Ta Kaijage alikaa kimya mpaka mjukuu wake akaja kuangalia kama amelala. Akamfukuza kwa mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye yale macho yasiyoona, wala hakuyafuta.

"Kwa hiyo hukumu ile haikuwa yangu," akasema mwishowe.

"Hapana, Ta."

"Wala yako."

"Wala yangu."

"Nilikuwa naisoma tu. Ilikuwa imekwisha kutolewa jana yake, chini ya mbuni." Alitafuta fimbo yake, akaipata, akajiinua kwa shida mpaka akasimama kabisa pembeni ya kiti, mkono mmoja begani kwangu. Nilidhani anataka kuingia ndani. Hakwenda popote. "Jina lake nani vile, yule mtu?"

"Kamuhabwa, Ta. Wa Nyakatuntu."

"Ndiyo," akasema. "Kamuhabwa." Na akabaki amesimama hivyo, kando ya kile kiti kitupu, kama mtu aliyempisha mkubwa wake aketi.